Kipimo cha neva kwa umeme: mashine ilisema mzima, miguu ikaendelea kuwaka

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe si mashine wala si binti aliyeishika. Ni kwamba nilitoa shilingi 220,000 kupimwa nyuzi za neva ambazo hazikuwa na tatizo, na hakuna aliyenieleza hivyo kabla wala baada.

Mimi ni fundi umeme, Morogoro, mwaka wa 26 huu navuta waya kwenye nyumba za watu. Kisukari ninacho mwaka wa 9. Mwaka jana kipindi cha masika nyayo zikaanza kuwaka. Mchana zinavumilika, ila ikifika saa nne usiku ni kama mtu kanifukia miguu kwenye majivu ya moto. Shuka likigusa vidole nalirusha huko. Mama Neema alishazoea kuamka na kunikuta nimelala sakafuni, nyayo nimezibandika kwenye saruji zipate ubaridi. Na kuna kitu kingine nilikiona nisikijali: viatu vyangu vya kazi viliacha kunuka. Miaka yote soksi zangu ni kesi pale nyumbani, ghafla miguu ikawa mikavu, jasho hakuna, visigino vikapasuka. Nikasema angalau Mungu kanipunguzia aibu moja.

Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniambia kwamba Dar es Salaam kuna kipimo cha neva cha kutumia umeme. Neno umeme likanivuta. Nikapanda treni ya SGR asubuhi, kabla ya saa tano niko mapokezi ya hospitali hiyo ya binafsi. Jina lake nabaki nalo, maana nilivyosikia kwa wengine, hili nitakalolalamikia liko sehemu nyingi.

Mapokezi ni safi, foleni inakwenda, malipo kwanza. Nililalamikia miguu, nikalipishwa miguu na mikono yote miwili, nikaambiwa ndiyo "paketi". Haya.

Chumba chenyewe kina kitanda, kompyuta, na kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja miguuni. Binti akaingia, shikamoo mzee, marahaba, akaniuliza kama nimepaka mafuta. Nilikuwa nimepaka, kwa sababu ya vile visigino. Akanifuta kwa spiriti bila kununa. Akabandika vibandiko viwili juu ya mguu karibu na kidole kidogo, na kingine kwenye kifundo. Nikamuuliza hicho cha tatu cha nini. "Hicho arthi, mzee wangu." Arthi ndiyo ule waya wa ardhini wa kwetu; hapo nikajua niko kwa fundi mwenzangu.

Kisha akashika kifaa chenye meno mawili, akakigusisha mbele ya kifundo. Pa! Vidole vikaruka vyenyewe. Si shoti ya kuogopwa, mimi nimeshapigwa na volti 230 mara kadhaa, hii ni kama mtu kakupiga na mpira wa manati. Tena pa, safari hii nje ya goti, vidole vikaruka tena. Akatoa futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, akapima toka alama hadi alama: sentimita 32. Kwenye skrini mawimbi mawili, la goti limechelewa nyuma ya lile la kifundo kwa milisekunde 8.4. Ukigawanya unapata mita 38 kwa sekunde. Nilipenda sana hapo. Hesabu iko wazi, mteja anaiona, hakuna uchawi.

"Iko chini ya 40, mzee wangu, lakini mguu wako wa baridi." Akapima joto la ngozi, likaja 29. Akaenda akaleta mfuko wa maji ya moto, akauzungushia taulo, akauweka juu ya mguu wangu dakika kama 15. Ngozi ilipofika 32 akarudia. Umbali ule ule, muda umeshuka hadi 7.4, kasi imepanda hadi 43. Neva ikipoa inachelewa, akaniambia, na mtu asiyejali angeandika kwamba una ugonjwa kumbe ni kiyoyozi. Kwa hilo peke yake nampa binti huyo nyota zote tano, na ningekuwa bosi wake ningemwongezea mshahara.

Ila sikieni hili. Alipoweka ule mfuko aliniuliza, "Si wa moto sana, mzee?" Nikamjibu, "Hata joto lenyewe silisikii vizuri, mwanangu." Akacheka kidogo, tukaendelea. Jibu langu halikuandikwa popote. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba kati ya vitu vyote vilivyofanyika mle chumbani, jibu hilo ndilo lililokuwa kipimo cha ugonjwa wangu.

Daktari nilimwona dakika nne. Karatasi ya Kiingereza kurasa mbili, majedwali matupu, na chini neno moja ambalo hata mimi nalijua: "normal", yaani kawaida. "Neva zako nzima, baba. Punguza mawazo." Nikarudi na treni ya jioni nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja.

Mtu mwenye neva nzima aogope nini? Jumamosi iliyofuata nikafuata ushauri wa jirani, maji ya moto na chumvi kwenye beseni, tumbukiza miguu. Nikatumbukiza. Raha, kauvuguvugu kazuri. Nimekaa na redio yangu kama robo saa hivi, Mama Neema akaja kuchukua beseni, akachovya mkono, akaurudisha kwa kelele. Kesho yake nyayo zote mbili zina malengelenge ukubwa wa shilingi mia.

Malengelenge ndiyo yaliyonipeleka kliniki ya kisukari ya serikali. Nikakutana na daktari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Mashine hana. Ana pamba, kijiti cha meno, na uma wa chuma unaotetemeka, ule wa mizunguko 128 kwa sekunde. Akaniambia nifumbe macho. Pamba juu ya kidole: naisikia. Akaugonga ule uma, akausimamisha kwenye mfupa wa kidole gumba: nausikia unavuma hadi unaposimama. Kijiti cha meno: nasikia nimeguswa, ila hakichomi. Kisha akaushika uma ule ule, umetulia, akaulaza ubavu juu ya mguu. Akauliza, wa baridi au wa moto? Nikasema wa kawaida. Akaupandisha taratibu, na ulipofika katikati ya kigimbi nikaruka, chuma barafu!

Chuma kile kile kimoja. Mtetemo wake naupata, ubaridi wake siupati.

Nikampa ile karatasi ya Dar. Akaisoma, akasema imefanywa vizuri sana na haina uongo hata kidogo, ila imejibu swali ambalo miguu yangu haikuuliza. Halafu, aliposikia mimi ni fundi umeme, akavuta kiti.

Mshipa mmoja wa fahamu, anasema, si waya, ni kebo. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi za unene tofauti, na kila unene una kazi yake. Zilizo nene kuliko zote zinaitwa A-alfa, maikromita 12 hadi 20, na hapo unywele wa kichwani ni kama 70. Hizo zinapeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za misuli imekaaje, ndiyo maana gizani unajua goti lako limekunjwa. Zinafuata A-beta, 5 hadi 12, za mguso na mtetemo. A-gama ni za kurekebisha misuli, hatukukaa nazo. A-delta ni nyembamba, 2 hadi 5, zina ganda jepesi, na zinabeba maumivu makali ya kuchoma pamoja na ubaridi. Kuna B, nazo nyembamba zenye ganda jepesi, zinafanya kazi za ndani ambazo huziamrishi mwenyewe, mambo ya moyo na tumbo. Mwisho kabisa ni C: hazifiki hata maikromita moja na nusu, hazina ganda, na ndizo zinazobeba joto, muwasho, na yale maumivu ya kuunguza. C hizo hizo ndizo zinazoamrisha tezi za jasho kwenye ngozi.

Nikamkatisha. "Daktari, viatu vyangu viliacha kunuka." Akaandika. Wa kwanza kuandika.

Sasa hapa niwaambie kitu wenzangu wa umeme, maana mfano wa waya unasaidia halafu unapotosha. Sisi tukivuta waya wa 1.5 kwenye taa na ule mnene wa 6 kwenye jiko, unene ni kwa ajili ya mzigo. Taa haiwaki kwa kuchelewa eti kwa sababu waya wake mwembamba. Kwenye neva unene ni kasi. Na ganda nalo si kama PVC yetu ambayo kazi yake ni kuzuia waya usiguse waya. Ganda la neva, mayelini, limekatwakatwa: kipande cha kama milimita moja, kijinafasi, kipande tena. Ishara haitembei mfululizo, inaruka toka kijinafasi hadi kijinafasi, na kila ikifika inaongezewa nguvu upya. Ni kama mabasi mawili, moja la moja kwa moja na jingine linasimama kila mti. C ndiyo lile la kila mti. Tena C hazijavutwa moja moja: seli moja inazibeba kadhaa kwa pamoja, kama fundi mvivu aliyesokomeza waya zisizo na ganda ndani ya paipu moja. Kwetu nyumba ingeungua siku hiyo hiyo. Mwilini zinafanya kazi miaka 80.

Ngisi, kwa faida ya watu wa pwani, hana mayelini kabisa. Yeye akitaka kasi ya kukimbia adui ananenepesha uzi hadi unakaribia milimita moja, unaonekana kwa macho, na bado haupiti mita 25 hivi kwa sekunde. Sisi tungetaka kasi zetu kwa njia hiyo, mguu mmoja ungekuwa mnene kama mbuyu.

Kama unataka kuhisi tofauti hizi bila kulipa, subiri siku utakapojigonga kidole cha mguu kwenye mguu wa kitanda. Toka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Mguso unafika kwanza, kwenye A-beta, hujui hata kama umeumia. Mara moja kinakuja kile kikali cha A-delta, kwa mita 15 kwa sekunde ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unaruka. Halafu kuna kaupenyo. Unajua kabisa kwamba linakuja. Ndipo C inapowasili, na mwendo wake wa mita moja kwa sekunde, sekunde nzima baadaye, ule moto mzito unaokukalisha chini. Ajali moja, barua tatu, matarishi watatu.

Haya hayakugunduliwa kwa kukisia. Miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Joseph Erlanger na Herbert Gasser, kule St. Louis, waliunganisha neva na osiloskopu ya enzi hizo, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Wakaipiga shoti neva upande mmoja, na upande wa pili hawakuona wimbi moja, waliona vilima vinafuatana, vya haraka mbele na vya pole nyuma. Herufi A, B na C zimetokana na vilima hivyo. Walipewa Nobel mwaka 1944. Nilipoambiwa hivyo nikajisikia vizuri, kumbe hata wao walikuwa na arthi.

Basi rudi kwenye kile kitanda cha Dar. Vibandiko vilivyowekwa juu ya ngozi yangu vinasikia jumla ya nyuzi zinazopiga kelele kwa pamoja, na wenye kelele ni A-alfa na A-beta. Sauti ya C ni ndogo mno, inafika imechelewa, na kila uzi unafika kwa wakati wake, hivyo haijikusanyi kuwa kilima cha kuonekana. Ni sawa na kubana klampu mita, ile ya kupima umeme unaopita, kwenye waya mkuu wa nyumba wakati jiko linawaka, halafu utegemee ikuambie kwamba taa ya LED ya wati 3 kule chooni imezima. Klampu ni nzima. Mita inasema kweli. Na choo kina giza.

Kisukari mara nyingi kinaanza na hizo nyembamba. Mgonjwa anayeungua usiku, ambaye bado anatembea vizuri na pamba anaisikia, ndiye huyo huyo ambaye mashine itamwambia mzima. Kuna namna ya kuzihesabu hizo nyembamba, wanachukua kipande cha ngozi cha milimita 3 juu kidogo ya kifundo na kuzitazama kwa hadubini. Daktari alisema kwangu haina haja, uma na beseni vimeshasema.

Kitu kimoja kilichonisumbua na kinaweza kumsumbua mwingine: nilisoma kwamba A-alfa zinakwenda mita 70 hadi 120 kwa sekunde, nikaangalia 43 yangu, nikaona nimekwisha. Nilimuuliza. Alicheka, akasema tarakimu hizo za vitabuni nyingi zilitoka kwenye neva za wanyama kama paka. Miguu ya binadamu haifiki huko, 40 na kitu ni halali. Kama mapokezi wangekuwa na kikaratasi cha Kiswahili chenye sentensi hiyo tu, usiku wangu mmoja ungekuwa na usingizi.

Na hapo ndipo zilipokwenda nyota zangu mbili. Mimi nikiitwa kupima nyumba, nikitumia tesita ya soketi, siandiki "wiring nzima iko salama". Naandika nimepima soketi. Insulesheni sijaipima, mega, mashine ya kuipimia, sikuja nayo. Mteja ana haki ya kujua nilichokigusa na nisichokigusa. Hawa wangeandika mstari mmoja: kipimo hiki kinaangalia nyuzi nene tu, za maumivu na joto hakizioni. Mstari huo hauna gharama. Ungekuwepo, nisingetumbukiza miguu. Na ile "punguza mawazo" wangeiacha kabisa.

Nani aende? Kama mkono unakufa ganzi usiku na vitu vinakudondoka, nenda, kwa mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono mashine hii ni bora, inakuonyesha mpaka sehemu ilipobana. Kama mguu umelegea, unaburuza, nenda. Kama tatizo lako ni moto wa nyayo peke yake na nguvu unazo, mwombe kwanza daktari akuguse kwa kijiti cha meno na chuma cha baridi, dakika tano, bure. Ukienda, usipake mafuta siku hiyo, vaa soksi nzito mpaka dakika ya mwisho, na ukiona kiyoyozi kinakupuliza miguuni sema kizimwe. Uliza mapema kama unaweza kulipia miguu tu. Dada mmoja niliyemkuta kwenye foleni alikataa paketi akakubaliwa, mimi sikujua kwamba inakatalika.

Kwa sasa natumia amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva, miligramu 10 usiku, na wamenipima vitamini B12 kwa sababu metfomini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi inaweza kuishusha. Sukari ndiyo naihangaikia zaidi. Moto umepungua, nalala kitandani siku nyingi kuliko sakafuni. Malengelenge yalipona kwa wiki tano. Beseni Mama Neema amelificha, maji yangu ya kuoga anayajaribu yeye kwa kiwiko, na kila jioni kabla ya kuvaa kandambili nageuza nyayo kwenye mwanga wa simu nione kama kuna msumari. Viatu bado havinuki.